Nilivyoongeza Dau Mbele ya Wakwe wa Bwera

Haya mambo sipendi kuyasema, na mpaka leo nikipita soko la Bwera nikasikia mtu anacheka nyuma yangu huwa sigeuki, najua anacheka nini, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kusikia kwa wale ambao wameshatia chumvi yao.

Mimi natengeneza simu Kasese mjini, na kwa kushika simu kutwa nzima nikajikuta nimejifunza poka, ile karata ya mtandaoni, meza za dau dogo kabisa, bei ya soda (msinihukumu, wengine wenu mnabeti mpira). Shida yangu ilikuwa woga. Nilikuwa natupa karata, natupa, natupa, mpaka nishike kitu kizito ndipo niongeze dau, na nikiongeza tu meza nzima inakimbia, kila mtu anatupa zake, maana walishanijua. Rafiki yangu Kambale, Mkongomani anayeuza vitenge jirani na kibanda changu, naye mchezaji, akaniambia, "Weye unachezaka kama mutu anaogopa maji. Ukipandisha, bote banajua uko na kitu. Badilisha. Hata kama hauna kitu, pandisha tu, batakimbia."

Neno hilo likaniingia sana. Tatizo ni siku niliyochagua kulijaribu.

Siku hiyo tulikwenda Bwera kumposea mdogo wangu Josefu. Baba yetu alikuwa Mkenya, alikuja huku kwa kazi ya saruji na akafia huku, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo Samweli. Msichana, Masika, anatoka kwenye familia ya Wakonzo wanaoheshimika, watu wa kanisa, na sisi Lhukonzo chetu ni cha kuombea maji tu, basi mazungumzo yakawa ya Kiswahili. Nikawekwa kiti cha nyuma, karibu na nguzo ya turubai. Salamu zilikuwa ndefu, sala ya mchungaji wao ndefu, majina ya mababu marefu zaidi. Nikajisemea, raundi moja tu, ya kujaribu mtindo mpya. Nikachomeka waya kwenye sikio la upande wa nguzo, sikio la pili nikaliziba kwa kiganja kama mtu aliyezama kwenye mawazo, simu nikaificha mapajani.

Karata zikaja, mbili na saba, takataka. Zamani ningezitupa. Nikabonyeza kuongeza (na mimi nina tabia ya kutamka ninachobonyeza, kimya kimya, au ndivyo nilivyodhani).

Wakati huohuo Mzee Baluku, baba yake Masika, alikuwa anasema kwamba mbuzi wa mahari tumekubaliana, lakini bibi aliyemlea huyu mtoto hawezi kubaki mikono mitupu, sasa mnasemaje. Baba mdogo akanyamaza makusudi. Ndiyo mbinu yake, ananyamaza mpaka upande wa pili upunguze wenyewe. Katika kimya hicho kizuri mimi nikasema, "Naongeza."

Kwenye simu hakuna aliyekimbia. Wote wakafuata (meza za dau dogo watu hawatishiki, mtu anafuata na chochote alichoshika, hilo Kambale hakuniambia). Nikashikwa na moto. "Naongeza tena," nikasema, na hii, kwa vile masikio yalikuwa yameziba, naambiwa ilifika mpaka jikoni.

Akina mama wakatoka na vigelegele. Shangazi yake Masika akanivika kitenge shingoni, nami nikadhani ni zamu yangu ya kutambulishwa, nikasimama, nikainama, nikashukuru. Katika kusimama waya ukachomoka. Simu ikapiga tarumbeta yake ya kushindwa, kisha sauti ya mwanamke ikatangaza mbele ya mchungaji kwamba nimepoteza, na je, ningependa kucheza tena.

Vigelegele vikakatika. Josefu akanitazama, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na hofu, kama mtu anayeona mlango unafungwa yeye bado yuko nje.

"Kijana," Mzee Baluku akaniuliza, "wewe iko naongeza nini?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. "Nilikuwa nacheza karata, mzee. Kwenye simu. Mnisamehe, ndugu yangu hana kosa."

Baba mdogo akafunika uso. Mchungaji akakohoa. Yule bibi mwenyewe, aliyemlea Masika, akasema taratibu, "Karata ni yake. Lakini mdomo ilisema mbele ya watu. Na ilisema mara mbili."

Wazee wa pande zote wakatoka kuteta nyuma ya nyumba. Mimi nikabaki pale na kitenge shingoni, hakuna aliyekuja kunivua na mwenyewe sikuthubutu. Waliporudi wakasema mahari ya Josefu haibadiliki, ila mbuzi wawili wa bibi ni wa mdomo wangu, niwalete mwenyewe, kwa mikono yangu. Josefu akashusha pumzi, nami nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Niliwaleta siku ya soko (sikujua kama ni siku ya soko), nikiwavuta kwa kamba katikati ya watu, na wanawake wauza nyanya wakaulizana, "Si huyu ndiye Naongeza?" Mzee Baluku alinipokea kamba, akanikalisha, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayemuuliza mgonjwa, "Siku ile wewe ilishika karata gani?"

"Mbili na saba, mzee."

"Hiyo ni mbaya?"

"Hakuna mbaya kuishinda."

Akatikisa kichwa. "Na wewe iliongeza," akasema, kisha akamwambia mkewe huyu kijana asiondoke bila kula.

Josefu na Masika wameoana. Poka sijaacha, nisiwadanganye, ila nimerudia woga wangu na tunaishi vizuri. Lakini niliapa kwamba kwa watu simu naizima kabla ya kufika mlangoni, nakaa mikono magotini, nasikiliza kila kitu, hata koo za mababu. Juzi tulikuwa Ibanda kumposea binamu yetu, wazee wakazungumza weee, mara baba mdogo akashtuka, akaninong'oneza, "Wamesema nini? Nilisinzia."

Nikamweleza yote, neno kwa neno.