Bakora Haimo Kwenye Orodha

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa, nikifika barabarani narudi kuutikisa tena, na jirani yangu pale Kilosa keshazoea, hata hageuki. Kwa hiyo inanishangaza hadi leo kwamba kosa kubwa kuliko yote niliyomfanyia mdogo wangu nililifanya kwa utulivu kabisa, nikiwa na drili ya meno. Wasiwasi ulikuja baadaye, ukapiga kambi.

Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Nimezoea kuchonga kitu kidogo kuliko punje ya mahindi mpaka kikae mahali pake bila kumchoma mtu ufizi. Mdogo wangu anaendesha magari ya watalii Mikumi, na miaka michache iliyopita mgeni mmoja alimwachia boksi la visanamu vya askari, virefu kama kidole gumba, pamoja na kitabu cha kanuni. Unawapanga mezani, unapima hatua zao kwa rula, unarusha dadu kujua nani kapiga na nani kaanguka. Mwanzoni tuliona ni mambo ya watoto. Sasa tuko wanne na tunagombana kama wabunge: mimi, yeye, mpishi wa hoteli moja, na dada mmoja askari wa wanyamapori. Huyu ndiye mkaguzi wetu, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekisoma kitabu chote.

Kanuni inayotutoa jasho ni ya vifaa. Askari wako unaweza kumbadilisha upendavyo, umkate mkono umpe mwingine, umvike kofia ya kizibo cha soda. Lakini silaha aliyoshika lazima iwe kwenye orodha, na kinachoonekana mkononi ndicho alichonacho. Orodha yenyewe ni fupi: upanga, mkuki, shoka, rungu, upinde. Mpishi aliwahi kuleta askari ameshika kijiti cha meno akadai ni upinde, eti uzi umekatika njiani. Alitolewa mezani huku akilalamika kwamba hapa nchini hakuna haki.

Baba alifariki mwanzoni mwa masika. Alikuwa fundi wa reli, na miaka ya mwisho goti lilimsumbua, akawa anatembea na bakora ya mpingo, nyeusi, yenye kipande cha raba chini ili isiteleze. Kwetu bakora ya marehemu hukabidhiwa mtoto wa kiume siku ya arobaini. Mdogo wangu ndiye mtoto wa kiume pekee, na siku hiyo alikuwa porini na wageni, hakupewa ruhusa. Baba mdogo akanikabidhi mimi mbele ya watu wote. "Hii ni amana," akasema. "Ifike kwa mwenyewe kama ilivyo."

Nikaisimamisha nyuma ya mlango. Wiki hiyohiyo nilikuwa namtengeneza upya kiongozi wa kikosi changu, ambaye mkono wake wa kulia ulivunjika pamoja na upanga. Mkono mpya niliufinyanga kwa akriliki, ile plastiki ya rangi ya waridi ninayotengenezea fizi. Upanga mpya niliukata kwenye kopo la maziwa, mzuri tu, unang'aa. Lakini bega nilikuwa nimeligundisha vibaya, likawa limeinama upande, na nilipomweka dirishani nikamwona baba anaelekea msikitini. Nikalia. Kisha nikainuka, nikaichukua bakora, nikaivua raba, na kule chini pasipoonekana nikakata kipande cha urefu wa ukucha. Mpingo ni mgumu, ulinimalizia vichwa viwili vya drili. Nikachonga kibakora chenye kishikio kilichopinda, nikakigundisha mkononi mwa kiongozi. Raba nikairudisha mahali pake. Za mwizi ni arobaini, na mimi niliiba hata matanga hayajapoa.

Tangu hapo sikulala vizuri. Raba niliyoivua na kuirudisha mara moja tu sasa niliiona inacheza. Nikatia gundi. Nikaona gundi inang'aa, nikaikwangua. Nikaona nilipokwangua pamechubuka, nikapaka mafuta ya nazi. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kilangali, alirudishiwa meno ya juu yakiwa mafupi upande mmoja, akaniambia, "Mwanangu, leo akili yako ilikuwa wapi?" Nikamwomba radhi, nikayarudia.

Mdogo wangu akapiga simu: Jumapili hakuna wageni, njoo tucheze, na uje na bakora.

Nilisafiri na bakora katikati ya magoti na kikosi changu kwenye kopo la aiskrimu, kila askari kazungushiwa pamba. Mfukoni nilikuwa na upanga wa bati, bomba la supaglu na kisu kidogo. Njia nzima nilijiambia nikifika Mikumi nitakikata kibakora kile kimyakimya na kubandika upanga, mambo yaishe. Abiria wa pembeni alikuwa ameniangalia nilipokuwa napanda. "Dada, mbona una fimbo na wala huchechemei?" akasema. Watu wakacheka. Mimi jasho likanitoka kana kwamba polisi ndiye aliyeuliza.

Mdogo wangu alinipokea nyuma ya nyumba yake, meza imeshatandikwa khanga, mpishi na mkaguzi wameshakaa. "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba huku namnyooshea bakora ili niondokane nayo. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaisimamisha, akaiegemea kidogo. Mimi nilikuwa naitazama ile raba tu. "Nilidhani ni ndefu zaidi," akasema. Mpishi akasema sisi wote huona vitu vya wazazi ni vikubwa, na mdogo wangu akakubali, akaiegemeza kwenye kiti chake. Hapo ndipo ningekwenda chooni na kisu changu. Sikwenda. Bakora yake nilikwisha kuikata; kumkata na baba mwenyewe mkono kulinishinda.

Mkaguzi akaanza kazi. Aliwainua askari wangu mmoja mmoja, akasoma orodha, akaweka alama. Akafika kwa kiongozi, akamsogeza karibu na macho.

"Hii ni nini?"

"Bakora," nikasema. Ningeweza kusema rungu, lakini rungu lina kichwa, na yeye siyo mtu wa kudanganywa.

"Bakora haimo kwenye orodha. Na mbona haijapakwa rangi?"

"Hiyo ndiyo rangi yake."

Mdogo wangu akainua uso. Akanyoosha mkono, mkaguzi akampa. Alimgeuza yule askari polepole, akapitisha kucha kwenye ule weusi, kisha akamweka mezani na kuichukua bakora. Akaivua raba. Pamoja na gundi yangu yote, ilitoka kama kofia. Mkato ulikuwa safi, kazi ya fundi, na mpingo wa ndani ulionekana mpya kabisa.

Nilitamani anitukane.

"Ungeniomba," akasema mwishowe.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Mkaguzi, ambaye hakujua aingilie vipi, akarudi kwenye kanuni zake. Akasema nina njia mbili. Nibadilishe sasa hivi, nimpe silaha iliyo kwenye orodha. Au kiongozi acheze kama alivyo na ahesabiwe hana silaha, maana yake akiguswa hatarusha dadu kujitetea, atarusha mpinzani peke yake. Mpinzani wangu siku hiyo alikuwa mdogo wangu. Upanga ulikuwa mfukoni, naushika kwa vidole. Nikamtazama yeye, yeye akawa anatazama meza.

"Hana silaha," nikasema.

Tukacheza bila mzaha wetu wa kila siku. Nilipanga askari wangu wote kumzunguka kiongozi, kitu ambacho hata mpishi anajua ni ujinga, kwa kuwa kikosi kisichosogea kinaliwa. Kikaliwa. Mwisho mpiga shoka mmoja wa mdogo wangu akapita, akasimama ana kwa ana na baba. Hakukuwa na yeyote kati yao.

Kanuni inasema aliyegusa lazima apige. Mdogo wangu alishika dadu, akaiweka chini, akaishika tena. Mkaguzi akakohoa.

"Piga tu," nikamwambia.

Akainama usawa wa meza, uso wake karibu na kile kisanamu. "Shikamoo, baba," akasema, taratibu, kama tulivyofundishwa. Akasubiri muda ambao ungetosha mtu kuitikia. Ndipo akarusha. Ilitoka tano, na mbili tu ingetosha.

Aliyeanguka huondolewa mezani na kukaa upande wa aliyemwangusha mpaka mchezo uishe. Mdogo wangu hakumweka upande wake. Alimfunika kwa pamba yangu, akamtia kwenye mfuko wa shati. Mchezo ukaisha, tukala wali wa mpishi, wakati wa magari ya kurudi Kilosa ukakaribia. Kila mtu akachukua askari wake. Mkaguzi akahesabu wangu na kusema mmoja hayupo.

"Yupo," nikasema.

Mdogo wangu alinisindikiza hadi barabara kuu, bakora mkononi, mfuko wa shati umetuna kidogo. Hakunidai chochote, nami sikumwomba anirudishie. Kikosi changu mpaka leo hakina kiongozi na kwa kanuni siruhusiwi kucheza, basi huwa nakaa nawatazama wao. Amana ilifika kwa mwenyewe, yote, hata ule urefu wa ukucha.