Nilimwambia Mdogo Wangu Meno Yaliyosagwa Yanaota Tena

Makosa ni yangu. Sitamsingizia shetani, sitasema nilirogwa, na tafadhali msinitafutie sababu. Nilimharibu mdogo wangu wa tumbo moja kwa maneno mawili, na nilijua ninachofanya.

Jina langu sitaji. Lodwar ni ndogo, wengine mtanijua hata hivyo. Yeye nitamwita Akiru, ingawa si jina lake.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kliniki ya meno hapa mjini. Nilipokea wagonjwa na kuchemsha vifaa, lakini kazi yangu kubwa ilikuwa kutafsiri. Daktari wetu alitoka Kitale, na Kiturukana chake kilianza na salamu ya ejok kikaishia hapo hapo. Mama akifika kutoka Kaaleng akiwa ameshika shavu, mimi ndiye niliyesimama kati yake na daktari.

Maswali ya wagonjwa nilikuwa nayajua kwa kichwa. Kuna uchungu? Jino la bandia linalala mdomoni au kwenye kikombe? Litakaa miaka mingapi? Nitatafunia nyama kavu? Na hili: meno ya kahawia yanaweza kuoshwa yakawa meupe?

Hilo la mwisho lilinichoma kila mara, kwa sababu meno ya kahawia ni yangu. Mama alinipeleka shule ya bweni nikiwa mdogo, nikanywa maji ya kisima cha pale miaka yote. Nilitoka na cheti na meno ya rangi ya chai. Daktari alinieleza kwamba madini ya maji yale yaliingia ndani ya jino lilipokuwa likikua, na mswaki hauwezi kitu. Tangu darasa la sita nacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono.

Akiru hakusoma. Alibaki na nyanya na mbuzi, akinywa maziwa na maji ya kuchimbua mchangani. Meno yake, jamani! Meupe, makubwa, yamejipanga. Alikosa mawili tu ya mbele chini, yale yanayong'olewa utotoni kwa desturi yetu. Kwetu pengo lile ni urembo. Alikuwa akicheka mdomo wazi, na mtu yeyote aliyekuwa karibu alicheka naye hata kama hajui anachekea nini.

Basi akapata mchumba Kakuma, mwalimu, mtu wa Bungoma. Mama mkwe akawa anakuja kumwona. Akiru akapanda gari hadi Lodwar kwangu.

"Dada, wale watu wa Bungoma hawana pengo. Huyo mama ataniona mshamba. Niwekee meno mawili."

Ningemwambia pengo lake halina ubaya. Mwalimu mwenyewe alimpenda nalo! Lakini nilimwambia, "Kweli, unaonekana mshamba." Nikampeleka kliniki.

Daktari akamlaza kitini, akawasha taa, akamtazama mdomoni. Halafu akasema, "Meno mazuri namna hii sijayaona tangu nije huku." Akanitazama mimi, akacheka. "Kweli wewe na huyu mna mama mmoja?"

Alikuwa anatania. Najua alikuwa anatania. Lakini damu ilinipanda hadi masikioni, na mkono wangu ukaenda mdomoni wenyewe.

Akaeleza vizuri kabisa, simlaumu kwa lolote. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, alisema, hayagusi meno mengine, na kwa Akiru yanatosha. Kuna daraja, linalogandishwa moja kwa moja, lakini ili likae lazima meno manne ya jirani yasagwe yawe vijiti. Kuna ya kufungwa kwenye mfupa, hayo ni hadi Eldoret. "Mshauri achukue ya kuvaa," alisema. "Ni dhambi kusaga meno mazima kama haya."

Nikamgeukia Akiru, nikamwambia kwa Kiturukana, "Daktari anasema ya kuvaa yatakuangukia kwenye chai mbele ya mama mkwe. Chukua ya kugandisha."

"Hayo yana kazi gani?"

"Wanasaga kidogo ya pembeni."

Akakunja uso. Akiru si mjinga. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. "Yakisagwa, yanaota tena?"

Nikamwambia, "Yanaota tena."

Daktari akaniuliza, "Umemwambia hayarudi?" Nikasema nimemwambia. Akauliza mara ya pili. Nikasema, "Daktari, ameelewa, anataka daraja." Akiru akaweka kidole gumba kwenye fomu.

Siku ya kusaga alinishika mkono. Nilisimama pale nikitazama ule weupe unavyogeuka unga na maji, jino la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi! Nikamfuta mate kidevuni na kumwambia yuko sawa.

Daraja lilipokuja likapendeza, na roho ikaniuma upya. Mama mkwe akaja, akampenda. Harusi ikafanyika kanisani Kakuma, na kwenye picha zote Akiru anacheka na mimi nimefunga mdomo.

Mwaka na miezi kadhaa ikapita, akanipigia simu. Alikuwa anatafuna nyama kavu, daraja likang'oka zima.

"Umeliweka wapi?" nikauliza.

"Nimelitupa, dada. Si yangu sasa yataota? Nimelirusha nje kama tulivyorusha meno ya utoto."

Alikuwa anacheka. Wueh! Hapo ndipo Mungu aliponipa nafasi ya pili, na nafasi yenyewe ilikuwa rahisi. Ningesema tu: kimbia uliokote, njoo kesho, lingandishwe tena kabla vile vijiti havijaoza. Lakini ningesema hivyo angejua nilimdanganya. Nikamwambia, "Ngoja. Yanachukua muda."

Akangoja.

Kila mwezi alinipigia. "Dada, bado." Ngoja. "Dada, yamekuwa meusi." Ndiyo yanavyoanza, ngoja. "Dada, maji baridi yananiua." Tafuna upande. Mumewe alimtaka aje hospitali, naye akamjibu kwamba dada yake anafanya kazi kwa daktari, dada yake anajua.

Kliniki yetu ilikuwa na siku moja kila mwezi ya kwenda Kakuma. Tulikuwa tunatumia chumba cha kukodi karibu na soko, na foleni yake ilikuwa ya kila aina ya watu: Waturukana, Wasomali, Wakongo na Warundi. Siku hiyo nilikuwa naandika majina nikamwona Akiru kwenye benchi. Shavu limevimba hadi jicho limefumba nusu. Sikumwita mbele. Nilimwacha akae hadi zamu yake, nikiomba Mungu akate tamaa aende nyumbani.

Hakwenda. Akaingia, akakaa kitini. Nikafungua mdomo nitafsiri, naye akainua mkono kunizuia. Mwalimu alikuwa amemfundisha Kiswahili.

"Daktari, ejok. Mimi nataka kuuliza. Meno yangu itaota lini?"

Daktari akafikiri hajasikia vizuri. "Itaota?"

"Hii ulisaga. Nimengoja mwaka moja. Itaota mwezi gani?"

Daktari akaweka kioo chake mezani. "Nani alikwambia yanaota?"

Akiru alinitazama. Nilingoja anitaje. Akasema, "Mimi nilisikia vibaya."

Daktari hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimpima, akagonga moja moja, usaha ukatoka. Yote manne yalikuwa yamekwisha hadi kwenye mzizi. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mwambie yote manne yanang'olewa leo. Halafu mwambie hayataota. Kwa Kiturukana, polepole. Nataka nikuone ukisema."

Nikasema. Sikuruka neno. Hayataota tena, Akiru. Hayakuwa ya kuota.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akajibu kwa Kiturukana, bila kupandisha sauti, akinitazama machoni.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema ameelewa," nikajibu.

Akapigwa sindano ya ganzi mara tatu kwa sababu usaha uliidhoofisha, na bado alisikia uchungu. Nilishika taa. Safari hii hakunipa mkono wake.

Kazi niliachishwa kabla gari halijarudi Lodwar, nikatafuta usafiri wangu mwenyewe. Hilo ni dogo. Mama alisikia, nikaenda nyumbani kupiga magoti, akanitazama kama mgeni aliyepotea njia. "Niliuza mbuzi usome lugha za watu," alisema, "kumbe nilikuwa nanunua hii." Hajaniongelesha tena. Watoto wa boma wamenipa jina. Nikitokea tu, wanaitana: "Yanaota amekuja! Yanaota amekuja!" Na watu wazima hawawakatazi.

Akiru nimemwona mara moja tangu hapo, kwenye kilio cha nyanya. Mtu alisema jambo la kuchekesha, kama ilivyo matangani, naye akacheka. Akaziba mdomo kwa mkono. Vile vile ninavyofanya mimi, vidole vinne na gumba chini ya kidevu. Meno yangu bado ni ya kahawia, kama mnataka kujua.

Wewe unayekwenda kurembesha mdomo, nisikilize mimi niliyekuwa upande wa pili. Jino la mtu mzima likisagwa limesagwa, halirudi hata ungoje miaka mingapi. Kikitoka walichogandisha, kiokote, kifunge kwenye kitambaa, kimbia nacho siku hiyo hiyo. Na kama lugha ya daktari huijui, usitosheke kwa sababu mkalimani ni damu yako! Muulize swali, kisha mtafute mtu mwingine umuulize lile lile. Mimi nililipwa mshahara kusema ukweli wa watu wawili, na wote wawili waliniamini.

Na wewe uliye na wivu na ndugu yako, kaa mbali naye hadi upone. Usikubali hata kumshika mkono.

Nimebakisha deni moja la tafsiri. Siku ile Kakuma Akiru hakusema ameelewa. Alisema: "Mwambie ang'oe yote, ya juu na ya chini, hata mazima. Sitaki kubaki na kitu ambacho dada yangu anaweza kukitamani."

Uongo wangu ule wa mwisho, ambao Akiru aliusikia akauacha upite, ulimwachia meno yaliyobaki. Ningependa kuwaambia kwamba niliusema kwa ajili yake.