Pamba ya Safari

Wewe unanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Nikipanda bodaboda kutoka Heru Juu hadi Kasulu mjini, nikirudi nasimulia kama mtu aliyetoka ng'ambo. Basi wiki iliyopita binti yangu aliponituma mjini kuulizia mti wa Krismasi wa plastiki, niliaga nyumba nzima, mpaka kuku.

Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye lafudhi ya pwani haijamtoka, aliukunjua mti mbele yangu kama mwavuli.

"Huu haunyauki, mama, haumwagiliwi, na hauli. Angekuwa mume, ungemkataa?"

Nikacheka. Kisha nikashika ncha za matawi. Huko kiwandani walikuwa wamezibandika vitu vyeupe, laini, eti theluji. Kicheko kikaniishia mdomoni. Nilimwambia mzee nitarudi, na yeye akajua, kama wajuavyo wenye maduka wote, kwamba sirudi.

Nilikuwa darasa la nne, nikilelewa na bibi, mama wa baba yangu. Desemba ya huku unaijua: mvua haiombi ruhusa, udongo mwekundu unakung'ang'ania miguuni, na maharage yanataka kung'olewa kabla hayajaota yakiwa kwenye maganda. Nyumba nzima ilinuka muhogo uliolowekwa. Bibi alikuwa na Kiswahili cha kuombea chumvi dukani na cha kuitikia kanisani. Mambo yake mengine yote aliyasema kwa Kiha. Krismasi aliiita Noheli, na kwake Noheli ilikuwa kufagia uwanja, kwenda kanisani, na kula wali wenye samaki mmoja wa ziwani, mgebuka, wa kugombaniwa na watu sita.

Mwaka huo alikuja shuleni kwetu mwalimu mgeni kutoka Kilimanjaro. Kabla ya kufunga shule alitutangazia kwamba kila mtoto akapambe nyumba yake kwa vitu vya nyumbani, visivyo vya kununua, naye angepita kukagua. Mshindi angepata penseli za rangi, boksi zima. Rafiki yangu, sikuwahi kutaka kitu duniani kama nilivyozitaka penseli zile. Hata mume wangu sikumtaka hivyo, na analijua hilo.

Nikaanza kazi. Nilichana daftari langu la zamani nikakata pete za mnyororo. Nyingine nilizichovya kwenye bluu ya kufulia, nyingine kwenye binzari. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo. Vizibo vya soda nilivipondaponda kwa jiwe mpaka vikawa bapa, nikavitoboa kwa msumari nikavitungia uzi. Nyota niliikata kwenye bati la kopo: ilitoka na pembe saba, zote zimeelekea upande mmoja kama zinakimbia kitu. Usiku panya walikula gundi yote, na asubuhi mnyororo wangu ulikuwa chini, pete moja moja. Jirani yetu, mama mmoja mnene aliyependa kunitania, alichungulia mlangoni akasema, "Mwanangu, nyumba mmeipamba au mmeibiwa?"

Nilikaa nikalia. Bibi akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Mwalimu kataka nini hasa, mwana wanje?" Mtoto wangu, maana yake.

"Kasema tupambe, bibi. Nyumba zote. Lazima tupambe."

"Pamba?" Akaushusha mwiko. "Mwalimu anataka pamba?"

Hapo ndipo pangetosha neno moja tu. Nilijua tofauti. Kiswahili nilikuwa nikipata alama nzuri, ndilo somo pekee nililokuwa nikijisifia. Lakini nilikumbuka picha iliyokuwa ofisini kwa walimu, mti wa Krismasi uliojaa weupe mpaka chini. Nikafuta machozi nikasema, "Eee, bibi."

Neno hilo fupi, lisilo hata na herufi tatu tofauti, nimelibeba mpaka leo.

Bibi aliingia chumbani akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Nililifahamu sanduku lile. Ndani yake mlikuwa na shuka jeupe, kitenge kipya, kipande cha sabuni kisichoguswa, na bunda la pamba ya hospitali kwenye karatasi yake ya bluu. Bibi aliviita vitu vya safari. Mimi nikidhani anajiandaa kwenda Kibondo kwa dada yake, na kila mwaka nikishangaa mbona haendi.

Akanipa bunda lote. "Mwalimu hanyimwi," alisema.

Nilikata tawi la msonobari nyuma ya kanisa, nikalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, nikalivika pamba. Ilipendeza mpaka ikanitisha. Jirani alirudi akiwa na utani wake mwingine tayari mdomoni, akaona, akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Mama, hii si ile...?"

"Ndiyo ile," bibi akasema. "Mwalimu kaiomba."

Jirani alinivuta nje hadi kwenye migomba akaniambia safari ile ni ipi. Kwamba mtu akishafariki huoshwa, hufungwa shuka, na pamba huwekwa puani na masikioni. Kwamba bibi aliinunua kwa kuuza maharage yake ili siku hiyo asimsumbue mtu. Sikumwambia kuwa nimedanganya. Nilitapika tu, naye akadhani ni huzuni.

Mwalimu alikuja Jumamosi. Alisimama mbele ya tawi akatabasamu. "Theluji! Nani kakufundisha theluji?" Kabla sijajibu, bibi alipiga goti, akapiga makofi polepole kama tunavyosalimia wakubwa, akakusanya Kiswahili chake chote.

"Mwalimu, pamba yako ndiyo hiyo. Ukimaliza nayo, naomba inirudie. Ni ya safari yangu."

Mwalimu aliitazama ile karatasi ya bluu iliyokunjwa vizuri mezani, kisha akanitazama mimi. Naapa aliyaona yote. Nilisubiri aseme. Akainama, akamshika bibi mkono na kumwinua.

"Asante, mama. Nimemaliza nayo. Nitakuletea nyingine mpya."

"Mpya ya nini? Hii imeshamwona Yesu akizaliwa. Nitaondoka nayo hii."

Penseli zilienda kwa mtoto mwingine, na mwalimu hakunigusia jambo lile hata siku moja. Siku mbili baada ya Noheli nilikaa kizingitini nikibandua pamba kwenye msonobari, unyuzi kwa unyuzi, vidole vikinichoma.

Ikawa desturi. Kila Noheli bibi mwenyewe alilitoa bunda, tukapamba, tukalirudisha. Kila mwaka nilipanga kumwambia, na kila mwaka nilijiambia furaha hii naiharibia nini.

Alifariki nikiwa mtu mzima, mwezi wa maharage. Nilikuwa chumbani pamoja na wanawake waliomwosha. Mmoja alifungua karatasi ya bluu akaguna, "Hii ina taka. Miiba ya msonobari, na karatasi ya njano. Tununue nyingine?"

"Iacheni," jirani yetu akasema. Naye wakati huo alikuwa amekonda, utani umemwisha.

Walipomaliza niliomba nibaki naye kidogo. Nikainama nikamwambia, "Bibi, mwalimu hakuomba pamba." Nikamwangalia. Masikio yake yalikuwa yameshazibwa, kwa pamba ile ile.

Misonobari ya kanisani ilikwisha kukatwa. Siku hizi hakuna anayechovya karatasi kwenye binzari wala kupika gundi. Watoto wanataka taa zinazokonyeza. Jirani hayupo, na mwalimu alihamishwa zamani, sijui hata kama yu hai.

Nilipotoka kwa yule mzee wa pwani nilipitia duka la dawa, nikaomba bunda moja la pamba.

"Una mgonjwa nyumbani?" binti wa dukani akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Nakwenda kupamba."

Binti yangu alinuna kidogo, kisha akachukua mkasi. Tumeitundika pamba jana kwenye tawi la mwembe. Noheli ikipita nitaibandua yote, unyuzi kwa unyuzi, nitaikunja kwenye karatasi yake, niiweke juu ya kabati. Akiniuliza ni ya nini, nitamwambia ukweli, angali ananisikia.