Alama za Kidato cha Nne na Fundi wa Tibirinzi

Laptopu yangu ilikataa kuchaji katika wiki ambayo niliihitaji kuliko wiki nyingine yoyote. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nje kidogo ya Mtambile, na ndani ya mashine ile mlikuwa na alama za wanafunzi wangu wote wa kidato cha nne: majaribio, kazi za nyumbani, mitihani ya muhula, mambo ya miaka miwili. Afisi ya elimu Chake Chake ilizitaka Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Karatasi zenyewe zilikuwa zimeliwa na mchwa kabatini, na nakala nyingine sikuweka. Uzembe ulikuwa wangu, sikuwa na wa kumlaumu.

Niliichomeka alfajiri, nikenda kusali. Niliporudi, taa ndogo ya ubavuni ilikuwa haijawaka. Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikahamisha waya kwenye swichi ya chumba cha pili, ile tunayochomekea pasi, nayo ilikuwa na umeme. Taa ya chaja iliwaka, ya laptopu haikuwaka. Nikauchezesha waya pale unapoingia. Nilipoubana kwa kidole gumba taa ilimeta mara moja, ikafa, na haikurudi tena hata nilipobana mpaka kidole kikauma.

Shuleni nilimpelekea mwenzangu anayesomesha fizikia. Alitoa betri, akakishikilia kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika, akairudisha betri. Hakuna kitu. Akaleta mita ya maabara, akaigusisha kwenye ncha ya chaja.

"Volti kumi na tisa," alisema. "Chaja yako nzima, yakhe. Ugonjwa umo ndani."

"Nani ataifungua?"

Alikunja nyaya za mita taratibu. "Fundi ninayemwamini kwa hizi ni mmoja tu, yuko Tibirinzi, pale mjini Chake. Na wewe unamjua kuliko mimi."

Nilimjua. Alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na mama mdogo akanichukua akanilea pamoja na mwanawe, aliyekuwa nyuma yangu kwa mwaka mmoja. Tulilala kitanda kimoja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa kwa makosa mamoja. Tulipokuwa watu wazima siasa ya vyama vingi ikatupitia katikati. Yeye na mama yake walibaki na chama kimoja, mimi na takriban kijiji kizima tukawa na kingine.

Mwanzoni tulitaniana tu. Lakini baada ya uchaguzi ule uliorudiwa, watu walisusiana kweli. Mtu wa chama chao hakuuziwa dukani, salamu yake haikuitikiwa, na akifiwa hakwenda mtu kumzikia. Hakuna aliyeandika amri hiyo, ila kila mmoja aliijua. Ndugu yangu akahamia mjini na kazi yake. Mama mdogo alikataa kumfuata. Alisema nyumba yake ni ile, na majirani zake ni wale.

Akaugua humo humo, akafariki mwezi wa pili wa ugonjwa wake. Nilikuwa sijaenda kumtazama hata mara moja.

Siku ya maziko nilikaa ndani. Njia ya mavani, kwenye makaburi ya kijiji, inapita mbele ya nyumba yangu. Nililiona jeneza likija, na wanaume waliolichukua hawakuzidi wanane, wengi wao wageni kutoka mjini. Kwetu jeneza hupokezwa, watu hugombania bega, hata mpita njia huacha safari yake akashika. Wale hawakuwa na wa kuwapokea. Walilitua chini karibu na mgomba wangu, wakapumua, wakalinyanyua tena. Ndugu yangu alikuwa mbele. Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka pale, nimevaa kanzu. Kanzu niliivaa asubuhi, nikiwa bado najidanganya kuwa nitatoka.

Huyo ndiye fundi niliyempelekea laptopu siku ya Jumanne.

Kibanda chake kilikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu ya kuvutwa karibu na kazi, na kioo cha kukuzia. Nilitoa salamu. Aliitikia kikamilifu, maana salamu ile ni ya Mungu, kisha akaniuliza, "Ina nini, Mwalimu?" Tangu utotoni hakuwahi kuniita ila kaka.

Nikamweleza niliyoyajaribu. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja yeyote. Akaifungua skrubu moja moja, akizipanga kwenye kisahani kwa mpangilio wa zilikotoka. Alipoinua kifuniko alinisogezea kioo nitazame.

"Tundu la chaji limeng'oka kwenye bodi. Miguu miwili imeachia. Unainyanyua na waya wake ukiwa umechomekwa, ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na hapa pameungua kidogo. Nitalehemu, lakini sikupi ahadi."

Akafanya kazi. Alisafisha kwa brashi na spiriti, akaondoa risasi ya kulehemu ya zamani, akaweka mpya. Moshi mwembamba ulipanda. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mama yake, vidole vifupi, vyenye subira. Nilikuja na maneno niliyoyapanga njia nzima, yakanipotea yote.

"Siku ya maziko nilikuwako," nilisema. "Sikuwa safarini. Nilikuwa ndani."

Hakuinua kichwa. "Nnajua. Nilikuona dirishani."

Nilitamani anitukane. Alipuliza pale alipolehemu, akapaangalia tena kwa kioo.

"Mama alikuwa akikuulizia," alisema. "Kila siku. Mwishoni nilimwambia umepelekwa Unguja kwa masomo, na simu huko haishiki. Akasema, 'Basi akirudi asiambiwe ghafla kuwa naumwa, ataingia hofu.'"

Nililia palepale, mtu mzima, mbele ya kibanda kilicho wazi barabarani. Yeye aliendelea kukaza skrubu. Sikumwomba msamaha kwa maneno mazuri. Nilisema tu, "Nisamehe."

"Mie nimekusamehe kwa langu," alisema. "La mama silo langu. Hilo kalifanye mwenyewe."

Akachomeka chaja. Taa ya ubavuni iliwaka rangi ya chungwa na ikatulia. Akauchezesha waya kushoto na kulia, haikuzima. Tukangoja mpaka asilimia kumi, kisha akaiwasha mbele yangu, nikafungua faili la alama. Zilikuwamo zote. Akanipa kijidude cha kuhifadhia, akaniambia nizinakili humo kabla sijaondoka, nikanakili.

Alama zilifika afisini Alhamisi. Ijumaa, baada ya sala, niliwaambia watu tuliotoka nao msikitini kuwa nakwenda mavani kumwombea dua mama mdogo, anayetaka tufuatane. Hakuna aliyetaka. Nilikwenda peke yangu, mchana, kwa njia ile ile kubwa, nikiwa naonekana na kila mtu. Kaburi lilikuwa limeota nyasi. Nikaling'olea, nikasoma Yasini, nikamwambia niliyokuwa nimeyaficha. Sikupata wepesi wowote nilipoondoka. Nilichoka tu, kama mtu aliyebeba kitu kizito peke yake.

Majirani wawili waliacha kuitikia salamu yangu, na mmoja aliyekuwa mkuu wa tawi letu la chama alikuja kuniuliza nimenunuliwa kwa bei gani. Nikamjibu kuwa yule ndiye aliyenilea. Alisimama kidogo, akatazama chini, akaondoka bila kuaga. Nikawa nakwenda mavani kila Ijumaa, na ya tatu yule mwenzangu wa fizikia alifuatana nami.

Ndugu yangu nami tunasalimiana sasa. Mwanawe alipoolewa nilialikwa, nikakaa na wazee wa upande wa mke, mahali pangu. Nyumba ya mama yake, hata hivyo, hajaikanyaga tena. Amenipa ufunguo mimi niwe nafungua madirisha ili isiingie unyevu. Nikimwuliza atakuja lini, husema kazi ni nyingi, na mimi simshikilii.