Ndila na Miaka Yake Hamsini na Saba

Mwezi wa Julai mwaka wa 2020 serikali ilifungua makanisa tena, na kwa tangazo lilo hilo ikamfukuza Ndila. Haikumtaja kwa jina, lakini yeye hakuwa na shaka aliyelengwa ni nani. Waumini wasizidi mia moja, ibada isizidi saa moja, barakoa usoni, maji na sabuni mlangoni. Na mtoto asiyefika miaka kumi na mitatu, au mtu aliyepita hamsini na minane, abaki nyumbani. Ndila alikuwa na sitini na minne. Alisikiliza redio mpaka mwisho, kisha akamwambia ng'ombe aliyekuwa akimkamua, "Umesikia? Mimi na watoto wa kunyonya tumetiwa kapu moja."

Alikuwa mjane wa upande wa Mitaboni, kule Machakos, mwenye ekari mbili za mahindi na mbaazi, ng'ombe mmoja, goti bovu la kushoto, na sauti. Sauti ndiyo iliyomfanya mtu. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, na akianzisha, kuku wa majirani walitulia. Watu walisema ile ni sauti ya Mungu. Marehemu mumewe, aliyekuwa akiamshwa nayo kila alfajiri, alikubali kwamba ni ya Mungu kweli, ila wa Agano la Kale.

Kukosa mahubiri hakukumuuma sana. Mahubiri yalijaa redioni. Kilichomuuma ni Kavata. Huyu alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya kijito, miaka hamsini na sita, msaidizi wake katika kwaya, na kwa muda mrefu alikuwa akikifuata kile cheo kama fisi afuataye mkono wa mtu akitumaini utadondoka. Sasa serikali ilikuwa imeukata mkono na kumtupia.

Jumapili ya kwanza Ndila alivaa vizuri, akaenda. Mlangoni alimkuta Kilonzo, mwalimu ambaye shule yake ilikuwa bado imefungwa, na ambaye kanisa lilikuwa limemkabidhi kipimajoto chenye umbo la bastola. Alikipenda kuliko alivyowahi kuipenda chaki.

"Shikamoo, mwaitu," alisema, kwa maana Wakamba humwita hivyo mama wa heshima, akamlenga kwenye paji la uso. "Thelathini na tatu nukta mbili."

"Hiyo ni nini?"

"Ni kusema huna homa. Ama umeshakufa. Hii kitu ikipigwa na jua inachanganyikiwa."

"Basi nipishe. Hata maiti mnaingizanga."

"Shida si joto, mwaitu. Shida ni miaka."

"Niko na hamsini na saba."

Kilonzo alishusha bastola yake. Utotoni alifundishwa shule ya Jumapili na mama huyu huyu, na hakukuwa na mtoto wa pale ambaye hakuijua hadithi yake kuhusu njaa ya mwaka wa sitini na moja, ile ambayo wazee huiita njaa ya Ndeke, yaani ya ndege.

"Mwaitu, si ni wewe ulituambia uliona ndege za wazungu zikiangusha magunia ya mahindi? Ukakimbia ukajificha nyuma ya nyanya yako?"

"Niliona kwa haya macho."

"Na umezaliwa lini?"

Ndila alipiga hesabu. "Sitini na tatu."

"Sasa uliona ukiwa wapi?"

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walianza kucheka ndani ya barakoa. Ndila alijinyoosha. "Watu wa kwetu," alisema, "huanza kuona mapema."

Hakuingia. Alizunguka kanisa akitafuta mahali pa kukasirikia, na upande wa tangi la maji akakuta pikapu ya Mchungaji Maundu, na mchungaji mwenyewe ndani, kioo kimeshushwa kidogo, sikio limetegwa. Naye alikuwa na sitini na miwili. Sheria ilikuwa imemng'oa mimbarini ikamweka kijana mmoja aitwaye Josphat, aliyetoka chuo cha Biblia juzi.

"Anaichinja Warumi," mchungaji alinong'ona kwa uchungu. "Sura nzima kwa dakika kumi. Hiyo ni Warumi ama ni tangazo la matanga?"

Mara ndani Kavata akaanzisha wimbo. Aliuanzisha juu mno, kama mtu anayeparamia mti bila kufikiria atashukaje, na kufikia ubeti wa pili kwaya nzima ilikuwa imekwama matawini. Madirisha yote yalikuwa wazi, maana sheria ilitaka hewa. Ndila alisimama chini ya dirisha la tatu, akavuta pumzi, akaushika ule wimbo kutoka nje na kuuteremsha mahali ambapo binadamu wanaweza kuimba. Watu mia moja waligeuza vichwa. Kavata aligeuka pia, na ingawa alikuwa amefunika nusu ya uso, nusu iliyobaki ilitosha.

Habari kama hizo hazingoji gari. Jumapili iliyofuata wazee kumi na wawili walikuja na vigoda vyao wakaketi chini ya dirisha la tatu. Baada ya wiki nne walikuwa kama themanini, na baadhi yao, ukiwatazama vizuri, walikuwa vijana wa thelathini waliokuwa wamezeeka ghafla. Huko nje hakukuwa na saa moja wala kipimajoto. Kulikuwa na chai kwenye chupa, na mchungaji, ambaye hakuhubiri kwa sababu ilikatazwa, alikuwa akiongea tu na rafiki zake kuhusu Warumi kwa dakika hamsini.

Ndipo akaja Mutunga, naibu wa chifu, na askari wawili.

"Huu ni mkutano," alisema.

"Mkutano gani?" Ndila aliuliza. "Mimi napumzisha goti."

"Mimi nangoja mbuzi wangu," alisema mzee mmoja. "Ameingia kwa shamba ya kanisa."

"Mimi gari imezima," alisema mchungaji, na hapo alikuwa hajasema uongo kamili, kwa kuwa pikapu ile ilikuwa imezimika mara nyingi maishani mwake.

Huenda Mutunga angeondoka, kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa na vigoda. Lakini mzee wa mbuzi alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha tumbaku, umri wake miaka arobaini, kila mtu alikifahamu. Ila mwaka ule hakukuwa na kikohozi cha tumbaku. Wale waliokuwa ndani walichungulia, wale waliokuwa nje wakasogea, na Mutunga akatoa simu.

Jumatano yake watu wa afya walifika, wamevaa nguo nyeupe kutoka utosini mpaka kwenye nyayo kama warina asali, wakatangaza kwamba kila aliyekuwa pale, wa ndani na wa nje, atapimwa. Walipanga foleni, kila mtu umbali wa hatua mbili kutoka kwa mwenzake, na hapo ndipo jambo likaharibika. Kwa ule umbali, na zile barakoa, kila swali lilipigiwa kelele na kila jibu likapigiwa kelele.

"Jina!" aliuliza muuguzi, msichana aitwaye Mukai.

"Ndila!"

"Miaka!"

Kavata, watu watatu nyuma, aliinua shingo.

"Hamsini na saba!"

"Kitambulisho!"

Ndila alikitoa kama mtu anayetoa jino. Mukai alikishika kwa ncha za glavu, akakisoma, na kwa kuwa alikuwa akimsomea mwenzake anayeandika mezani, alisoma kwa sauti ya kuvuka mto: "Elfu moja mia tisa hamsini na sita!"

Kavata alicheka mpaka akashika magoti.

"Karani wa siku hiyo alikuwa amelewa," Ndila alisema, lakini Mukai alikuwa ameshamwinua kidevu na kumtia kijiti puani, na akakipeleka mbali sana, mahali ambapo Ndila alidhani ni pa kumbukumbu za utoto tu. Machozi yalimtoka. Alirudi nyumbani kwa njia ya mtoni ili asikutane na mtu.

Majibu yalikuja baada ya siku sita, kwa simu. Ndila hakuwa na ugonjwa. Mzee wa mbuzi hakuwa nao. Kati ya watu karibu mia mbili, aliyepatikana nao ni mmoja: Kavata, mwenye umri halali, aliyekaa ndani kwa utaratibu wote.

Ukweli usemwe: Ndila alifurahi. Alifurahi kwa muda wa kikombe kizima cha chai, akajimiminia cha pili, akafurahi na hicho. Alipata hata maneno ya kumwambia Kilonzo Jumapili ijayo, akayarudia kwa ng'ombe apate kuyanyoosha.

Siku ya tatu, akikata nyasi ukingoni mwa kijito, aliona kitu. Watu waliokuwa wakipita mbele ya boma la Kavata walikuwa wamejikatia njia mpya katikati ya mihindi, ya kuzungukia mbali. Maziwa ya Kavata yalikuwa kwenye mtungi nje ya lango, hayajaguswa na mnunuzi, yameganda. Watoto wake walikuwa Nairobi na walikuwa wameambiwa wasije. Na waimbaji ishirini na wawili wa kwaya aliyoingoja miaka yote ile, hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama barabarani kumpigia kelele za salamu.

Ndila alirudi jikoni akanung'unika sana. Kisha akapakua muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, pamoja na maharagwe kwenye bakuli, akavaa barakoa mbili, akavuka.

"Kavata! Chakula kiko kwa lango!"

"Umekuja kunicheka," sauti ikasema kutoka ndani.

"Nilicheka juzi nikamaliza. Kuja uchukue."

"Weka hapo. Nitakuja."

Hakuja. Ndila alingoja mpaka nzi wakalijua lile bakuli. Alipoita tena, kilichojibu kilikuwa pumzi, fupi fupi, kama ya mtu anayepandisha mlima na mzigo. Yeye aliyejua pumzi kuliko kitu kingine chochote duniani alielewa mara moja. Alisimama pale langoni, na kwa mara ya kwanza tangu Machi aliogopa ule ugonjwa wenyewe. Mpaka siku hiyo alikuwa akiogopa tu kupitwa na mambo. Alikuwa kweli na miaka sitini na minne. Hakukuwa na wa kumdanganya hapo.

Aliingia. Alifungua madirisha yote, akamketisha Kavata wima akimwegemeza kwa magodoro, akampigia simu Mukai kwenye namba iliyomletea majibu.

"Niko na mtu hapa hapumui vizuri."

"Mama, wewe ni nani? Una miaka mingapi? Hufai kuwa hapo ndani!"

"Sitini na nne," alisema Ndila. "Sasa leta gari."

Gari lilifika kabla ya saa tisa. Kavata alipelekwa hospitali ya Machakos, akawekewa oksijeni siku tisa. Ndila alijifungia kwake wiki mbili na ng'ombe wake, akila mbaazi, akisikiliza kifua chake kila asubuhi kama mtu anayesikiliza mwizi. Hakuna kilichotokea, ila ng'ombe alichoka kusikia habari.

Kavata alirudi amekonda, mkali vile vile, lakini hakuweza kumaliza ubeti bila kusimama apumue. Ndani ya kanisa, na barakoa, alihisi kuzama. Basi Jumapili moja alitoka katikati ya ibada, akaja chini ya dirisha la tatu, akakaa kwenye kigoda cha Ndila bila kuomba.

"Hicho ni changu," Ndila alisema.

"Najua."

"Ule wimbo uliuanzisha juu."

"Nilitaka usiufikie."

Ndila alilifikiria hilo akaona lina akili. Alivuta jiwe akaketi. Tangu siku hiyo waliimba pamoja huko nje, mmoja akichukua mwanzo wa mstari na mwingine akimaliza pale pumzi ya mwenzake ilipokatikia, na waligombana kila wiki kuhusu mahali pa kukatia.

Mambo yalifunguliwa, yakafungwa, yakafunguliwa. Mwezi wa Machi wa mwaka uliofuata kaunti yao ilifungiwa pamoja na Nairobi, makanisa nayo yakafungwa, na wakaanza kuimba kwa simu, kila mmoja jikoni kwake, mmoja akimaliza mstari wakati mwenzake yuko ubeti mwingine. Oktoba ndipo amri ya kutotoka nje usiku ilipoondolewa, na taratibu kanisa likajaa kama zamani, watoto wanalia, wazee wanapiga miayo, bila mtu kuulizwa alizaliwa lini. Mchungaji Maundu alirudi mimbarini akiwa na mwaka mzima na zaidi wa maneno ambayo hayakuwa yamehubiriwa, akaamua kuyasema yote asubuhi moja.

Ndila aliketi mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya. Saa ya kwanza alifurahi, ya pili akavumilia. Ilipoingia ya tatu alimwinamia Kavata.

"Ile sheria ya saa moja," alinong'ona, "nani aliomba waiondoe?"

"Nyamaza, tuko kanisani," alisema Kavata, na alipogeuka kumtazama, Ndila alikuwa amelala, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti nzuri ya chini.