Orlene na Makamu wa Rais Aliyepika Kambini

Orlene Pelkey alishona viatu miaka kumi na tisa, hadi kiwanda kilipofungwa. Kazi aliyoipata baadaye ilikuwa jikoni, kwenye shule moja mjini Bangor, na mwanzoni aliona haya kuitaja. Akikutana na wenzake wa kiwandani, aliwaambia yuko upande wa elimu.

"Upande wa elimu wenye masufuria," mumewe Delmont alimtania.

Siku moja ya baridi kali alijibanza maktaba, akachukua kitabu kuhusu Hannibal Hamlin, yule wa sanamu ya kando ya mto ambayo alikuwa akiipita maisha yake yote bila kuitupia jicho. Kumbe alikuwa makamu wa kwanza wa Rais Lincoln. Mwaka 1864, akiwa bado na cheo hicho, kikosi chake cha askari wa akiba kiliitwa kazini wakati wa vita. Angeweza kusamehewa asiende. Akaenda kama askari wa kawaida, na huko kambini akapika.

Orlene alirudi nyumbani amechangamka. "Del, yule mzee wa sanamu alikuwa mpishi."

"Si alikuwa mkubwa serikalini?"

"Vyote viwili. Basi na mimi nikiulizwa kazi, nasema mpishi."

"Nami nasema mume wa mpishi. Shahidi tumbo hili."

Agosti, siku aliyozaliwa Hamlin ilipokaribia, Orlene alichimba shimo nyuma ya nyumba, akafukia chungu cha maharage na nyama ya nguruwe juu ya makaa, yaive usiku kucha. Kesho yake akakipeleka kwenye sanamu, awalishe watu kwa heshima ya mpishi mwenzake. Mvua ilinyesha, wakaja watu wanne. Delmont alishika mwavuli, akakikinga chungu, mkewe akalowa.

"Miaka sitini napita hapa," alisema Royce Ouellette, dereva wa treni mstaafu, "nikidhani huyu ni mwenye benki."

"Lete sahani, mzee mwenzangu," Delmont alimwambia. "Wenye benki hawapiki."

Orlene hakuacha; kila Agosti alirudi. Mwaka wa kumi na nne vyungu vilikuwa vitatu, na wapishi wa shule nyingine walikuja na aproni zao, wakipita kifua mbele. Nyonga za Delmont zilikuwa zimegoma, hivyo Royce ndiye aliyechimba mashimo nyuma ya nyumba, Delmont akiamrisha kutoka kitini.

"Chimba uende chini, hatuziki paka."

"Ningekuwa nazika, ningeanza na msimamizi."

Orlene aliwaacha wabishane, akaingia ndani kuosha maharage.