Kuku ya Muzazi

Mu shirika yetu ya bazee, pale Butembo, tulikuwa na kazi moja ya mapendo: kutembelea bagonjwa. Kila siku ya tatu ya juma, kiisha misa ya asubui, tulikuwa tunakamata rozari na fimbo, tunaenda. Mutu mwenye kusikia hivi atasema, "Wasingya, asante, bazee bazuri kabisa!" Angoje kwanza. Kwetu mugeni hatoke ku nyumba ya mutu na kinywa kikavu, ata kama ni vita. Donc mugonjwa mwenye tulitembelea alilazimika kupika. Kama chungu iko ku moto, président wetu alikuwa anafasiria Neno la Mungu mbali sana, kila mutu anashirikisha, mupaka nyama ilainike. Kama moto imezimika, Baba Yetu moja, Salamu Maria moja, na "tuache mugonjwa apumuzike." Na miye nilikuwa ninakula, tena muzuri.

Kiisha zamu yangu ikafika. Siku moja masasi ililia upande ya Rughenda, batu bote mbio, miye nikaangukia mu mufereji. Mugulu ikavimba, nikalala ku kitanda. Pale pale nikasikia woga, na haikukuwa juu ya mugulu. Ilikuwa juu ya kuku yangu.

Nilibakia na kuku moja tu. Ingine zote zilikwenda na basoda, ba huku na ba kule, ata sikujua tena nani anapigana na nani. Ile moja niliichunga juu ya binti yangu. Alikuwa ameolewa kule Kanyabayonga. Jirani yangu, Mwislamu mwenye kuendesha gari ya mizigo, aliniletea habari: vita imebafukuza, binti iko ku barabara na miguu, na mimba kubwa, anakuja kuzalia kwangu. Kwetu mwanamuke mwenye kuzaa anakunywa supu ya kuku, njo nguvu inarudi na maziwa inashuka. Nikimukosesha ile supu, miye ni mama gani? Nilisema: ile kuku, ata Papa akuje Butembo, hataikula.

Siku ya tatu ya juma ikafika, nikabasikia banaimba ku njia. Yo yo yo! Nikajikokota, nikakamata kuku, nikaifunika na kitunga chini ya kitanda. Bakaingia, bakajaza nyumba.

"Mama, pole," président akasema. "Tumekuja kukusaidia kubeba musalaba." Na macho yake ikaenda moja kwa moja ku jiko.

"Wasingya, Tata. Musalaba iko. Chakula njo hakuna."

Akacheka na meno tu, akaanza kuomba. Mais ule muzee alikuwa anaomba na jicho moja wazi. Sisi bote tulijua. Ile jicho ilikuwa inatembea: ku chungu, ku kona, nyuma ya mulango. Alipofika ku "utupe leo mukate yetu", kuku ikataga yayi na ikatangazia Butembo muzima. Kokokokoo! Mupaka kitanda ikatetemeka.

"Mama," président akasema polepole, "ugonjwa yako inalia."

"Ni tumbo, Tata."

"Ni tumbo ya kutaga?" mama mumoja akauliza, na yeye alikuwa mwenye kusoma Injili.

Hasira ikanipanda. Nikabaambia wazi: "Hii ni kuku ya muzazi! Binti yangu iko ku njia. Mwenye kuitaka anikule miye kwanza!"

Président akamaliza sala mbio mbio, bakatoka bila wimbo. Nilimusikia inje anasema, "Vita imeharibu mapendo ya batu." Yayi niliikula pekee yangu, tena na hasira.

Kiisha siku kidogo tu, basoda bakapita nyumba kwa nyumba. Kuku ikalia tena, mupumbavu ile. Bakaibeba. Ata sala habakufanya. Nikalia sana. Nikajiambia: afazali ningepikia shirika, angalau ingekuliwa na batu benye kusema asante.

Binti akafika na mvua, mutoto ku mugongo. Alikuwa amezalia ku njia, ku nyumba ya batu benye hakujua, kule Lubero. Alikuwa anatetemeka. Mutoto alinyonya, akalia, akanyonya tena, maziwa hakuna. "Mama, nipe kitu ya moto," akaniambia. Nikamupa maji ya moto na chumvi. Nilisikia haya ya kufa.

Siku ya tatu ya juma bakaimba tena ku njia. Nikasema mu roho: bakuje, leo baone chungu yenye maji. Président akaingia wa mwisho. Chini ya koti yake kitu ilikuwa inapigapiga. Ilikuwa jogoo yake, ile yenye batu bote ba quartier balijua, yenye kutuamusha ku misa, yenye alificha sijue wapi ili basoda basiione.

"Mama, chungu iko?" Njo neno yote alisema.

Tukapika. Paja moja alijichagulia yeye mwenyewe, tusidanganyane. Supu nikaiweka mbele ya binti. Kiisha président akasema, "Tuombe," na akaanza zile sala zake ndefu, batu bote benye kufa, basafiri bote, amani ku inchi yote. Supu ilikuwa inapoa. Binti yangu akangoja kidogo, akangoja tena, kiisha akakamata kijiko akaanza kukula katikati ya sala. Nikaogopa. Muzee akafungua jicho moja, akaona, akaifunga. Akaendelea kuomba, na sauti kubwa zaidi, ili kijiko isisikilike.